Kanda ya Usiku wa Wanawake

Nilirudi nyumbani Mji wa Kale baada ya watahini kuirudisha tasnifu yangu bila kuipitisha, na kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa kushtuka hata nikiitwa kwa jina langu. Nilitaka jambo moja, hata liwe dogo, nilianze na nilimalize. Ndipo mama mdogo aliponikabidhi mimi, binti wa dada yake, kanda yake.

Ilikuwa kanda ya video ya harusi yake, ya ule usiku wa wanawake peke yao, mabuibui yametundikwa na milango imefungwa. Hata aliyeshika kamera alikuwa mwanamke. Humo ndani marehemu bibi, mama yake, anagonga pembe ya vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, kwa kijiti chake na kuwaongoza wenzake katika kuimba. Hatukuwa na kumbukumbu nyingine ambamo bibi anasikika na kuonekana akicheza.

"Hii ni ya wanawake tu," mama mdogo aliniambia. "Wajua, eh?"

"Najua, mama mdogo."

"Si ujue tu. Uishike."

Kwa fundi isingeweza kupelekwa, maana mafundi wote tuliowajua ni wanaume. Niliazima deki ya kuchezea kanda, nikairekodi mwenyewe kwenye kompyuta. Iliporekodiwa yote, deki ikaitafuna kanda, ikakatika vipande. Tukabakiwa na faili.

Kompyuta ilikuwa kuukuu, ya mezani. Niliiwekea Linux kwa sababu haikuwa na nguvu ya kubeba mfumo mzito zaidi, nikaongeza programu ya kuonyeshea filamu, nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Picha ilitoka safi. Sauti haikutoka. Bibi alifungua kinywa, akagonga pembe, na sebule ikawa kimya.

Mtu mwenye akili iliyotulia angeanza na mipangilio ya sauti. Mimi nilishuku faili, kisha waya, kisha televisheni, kisha nikajishuku mwenyewe. Ili nijue kama faili ni zima, niliwasha ile sehemu ya programu inayoruhusu vifaa vingine vilivyo kwenye mtandao wa nyumba kuisoma maktaba yake, nikaicheza harusi kwenye laptopu chumbani mwangu. Sauti ikasikika. Basi kosa lilikuwa la kompyuta: ilikuwa ikipeleka sauti kwenye tundu la spika ambazo hazikuwepo. Nilibadilisha chaguo, nikaielekeza kwenye HDMI, na vugo likajaa nyumba. Mama mdogo alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akasimama mlangoni analia na kucheka kwa pamoja.

"Ndiye huyo!" alisema. "Ndiye yeye mwenyewe!"

Nilijiona mtu tena. Katika furaha hiyo sikurudi kuzima nilichokiwasha.

Ghorofa ya chini tumempangisha mfanyakazi wa bandarini, Mkristo kutoka bara, mtu mwenye adabu. Intaneti yake hutoka kwenye ruta yetu; mimi ndiye niliyempa nywila. Televisheni yake, kama nyingi za siku hizi, hutafuta yenyewe chochote kilichoachwa wazi ndani ya mtandao. Alhamisi alasiri alibisha hodi, akasimama chini ya ngazi bila kuinua macho. Mama mdogo alimwitikia kutoka nyuma ya pazia, nami nilikuwa ubavuni mwake.

"Samahani, mama. Kwenye televisheni yangu imetokea harusi ya hapa kwenu. Nilifungua nikidhani ni filamu. Nilipotambua ni kina mama peke yao, nikazima."

"Uliona nini, mwanangu?"

"Wanacheza. Na kuna mama mzee ana pembe." Alisita. "Nimeona si vizuri ninyamaze."

"Ahsante. Mungu akuweke."

Alipoondoka, mama mdogo hakupaza sauti. Ningependelea apaze.

"Wale walivua mabuibui katika nyumba ya mamangu," alisema. "Sura zao ni amana kwetu. Na kesho nimewaita waje kuitazama."

Niliketi mbele ya kompyuta, nikaiondoa ile alama ya kuruhusu vifaa vingine ndani ya kisanduku kidogo cha mipangilio. Ilikuwa kazi ya kubofya tu. Nilianza kujieleza: huenda aliona dakika chache, huenda picha haikuwa wazi katika televisheni yake. Nilisikia jinsi nilivyokuwa nikijitetea kama mbele ya watahini, nikanyamaza.

Ijumaa, baada ya Alasiri, wanaume wa nyumba walitumwa ufukweni Mama Ngina wakale mihogo. Wanawake waliingia, wengine wakiwa kwenye ile kanda wenyewe, sasa wana magoti mabovu na miwani. Mama mdogo aliichomoa ruta ukutani, akaketi nayo mapajani.

"Wewe, umepakata nini? Mjukuu?" aliulizwa, wakacheka.

"Nimepakata kilichotutoa nje," alijibu, akawaeleza yote. Mimi alikuwa ameniketisha mbele, karibu na televisheni, mahali ambapo kila mmoja angeniona.

Kisha mmoja akasema, "Ameniona na mimi? Basi mwambieni kile kiuno hakipo tena!"

"Nyamaza, wewe. Hata wakati ule hakikuwepo!"

Kicheko kilipanda. Nilicheka nami, nikadhani nimesamehewa. Lakini jirani yetu mmoja, aliyekuwa mwitikiaji wa bibi katika nyimbo, hakucheka.

"Mimi sikujipamba vile kwa macho ya mwanamume," alisema taratibu. Alinitazama. "Sina ugomvi nawe, mwanangu. Nitoe tu."

"Na sauti?" mama mdogo aliuliza.

"Sauti yangu imechanganyika na zenu. Iacheni."

Katika wimbo wote wa vugo wamesimama bega kwa bega, yeye na bibi. Nilianza kueleza kwamba ningeweza kumfunika kwa kivuli kitakachomfuata kila anapokwenda, ili bibi abaki.

"Usimfanyie hesabu mwenzio," mama mdogo alinikatiza. "Kasema atoke, atoke."

Jumamosi niliinakili faili kwenye laptopu, nikaketi kuifanya kazi hiyo. Nilimuuliza mama mdogo kama tuihifadhi nakala kamili mahali palipofungwa, isiyochezwa kamwe.

"Kwani ikifichwa, mimi sitajua ipo?"

Nilifuta nakala kamili ya laptopu, kisha ya kompyuta. Kabla ya hapo nilitazama mara ya mwisho jinsi bibi anavyotupa kichwa nyuma anapoanza ubeti, na hata kwa kutazama huko nilihisi ninaiba. Picha ya wimbo mzima niliiondoa, jirani pamoja na bibi, sauti nikaiacha; wimbo sasa huanza kwa giza na kuisha kwa giza. Picha hurudi wanawake wengine wanapokaa kula.

Leso mpya, kanga ya kutoka maduka ya Biashara Street, hufunika televisheni siku nzima. Alasiri mama mdogo huiondoa, huketi, na kuniambia niucheze ule wimbo.

"Ongeza kidogo," husema.

Naongeza. Sauti haina kasoro yoyote. Mbele yetu kioo ni cheusi, na mkono wa kulia wa mama mdogo huinuka na kushuka juu ya paja, kila mara kijiti cha bibi kinapogonga pembe. Mimi huutazama mkono huo hadi wimbo uishe, kwa kuwa uso wake siwezi kuutazama.