Matanga ya Mtoto wa Siku Tisa

Mama alinipigia simu wiki moja kabla ya Krismasi, na mama si mtu wa kupiga simu kwa ajili ya salamu. "Njoo umtoe dada yako ndani," alisema. "Hataki kula, haongei, mlango haufungui. Wewe ndiye mjomba, wewe atakusikia." Kisha akakata, kama kawaida yake.

Dada yangu Agripina alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, kichanga cha siku tisa. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ana neno lake katika mambo ya wapwa. Lakini mtoto aliyekufa kabla ya kutolewa nje hana matanga. Wanawake wachache humzika kimyakimya, wanaume hawaendi, mkeka hautandikwi, na mama yake huambiwa asilie, eti machozi hufunga kizazi. Kwa hiyo mimi mjomba niliitwa nikamnyamazishe mtu ambaye alikuwa tayari amenyamaza. Nilijua sitaiweza kazi ile. Nikafunga mzigo hata hivyo.

Siku mbili kabla ya sikukuu, alfajiri, niliondoka Dakawa na binti yangu Sesilia, mwenye miaka sita. Mama yake alibaki kulinda kitalu cha mpunga, maana ndege hawana Krismasi. Nilikuwa na tatizo langu la pili, nalo lilikuwa limevaa gauni jipya na kushika mkono wangu. Katika kigango cha kijijini kwetu, kila mwaka watoto huigiza kuzaliwa kwa Yesu, na mtoto mchanga kuliko wote kijijini ndiye hulazwa horini. Tangu Agripina ajifungue, tulikuwa tumemwambia Sesi kwamba safari hii Yesu atakuwa binamu yake. Nilipaswa kumweleza ukweli siku ileile. Sikumweleza. Nilijiambia nitamweleza njiani, na njia ni ndefu.

Kwenye basi alimtangazia kila mtu. Mama mmoja aliyepakata jogoo alimuuliza anakwenda wapi.

"Kumwona Yesu," alijibu Sesi. "Ni mtoto wa shangazi yangu."

Basi zima likacheka. Mimi nikatazama mashamba. Baada ya kitambo akanigeukia na uso wa mtu mwenye hesabu isiyokubali. "Baba, kama Yesu anazaliwa kila mwaka, mbona hakui?"

"Anakua," nikasema.

"Halafu anarudi tena kuwa mdogo?"

Yule mama alisema kwamba mtoto huyu apelekwe kwa padri, si shuleni. Nikacheka kwa adabu.

Stendi ya Msamvu ilifurika watu wa sikukuu, mabegi, magunia na kuku waliofungwa miguu. Nilinunua sukari na kanga ya dada; mchele nilikuwa nao. Sesi alisimama mbele ya kibanda cha nguo za watoto akachagua kofia ndogo ya sufu, nyeupe, kwa sababu mlimani kuna baridi na Yesu asije akakohoa. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Muuzaji alikuwa ananitazama, Sesi ananitazama. Nikalipa. Mtu mzima mwenye ndevu, nikanunua kofia ya marehemu ili nisiseme sentensi moja.

Tulipofika Bigwa tulipanda pikipiki. Sesi alikaa katikati, kati yangu na dereva. Tulipoanza kupandisha alimgonga dereva mgongoni. "Maria alipanda punda. Kwa hiyo wewe ndiye punda wetu?"

"Ndiye mimi," akasema dereva. "Ila punda wa siku hizi anakunywa petroli."

Tulipita Kiroka mvua ikinyesha, kisha tukaacha barabara kubwa tukaingia njia ya udongo mwekundu. Haikuchukua muda gurudumu likazama. Dereva akatuomba radhi, tukaanza kutembea, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto. Migomba ilikuwa inadondosha maji, na magome ya mdalasini yalikuwa yameanikwa chini ya mapaa yakisubiri jua ambalo halikuwapo. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima tangu asubuhi, haukuonyesha dalili ya kuondoka.

Penye kijito cha mwisho nilimketisha juu ya jiwe. Hakukuwa tena na njia ya kujifichia.

"Sesi, yule mtoto wa shangazi amerudi kwa Mungu."

Alifikiri. "Atakuja lini? Krismasi ni kesho kutwa."

"Haji tena. Amekufa."

"Si angesubiri sikukuu kwanza?" Alisema kwa hasira, kama mtu aliyeahidiwa kitu akadanganywa, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kisha akauliza kama tulikwenda msibani. Nikamwambia hakukuwa na msiba. Akashangaa mno. Kule Dakawa alikuwa ameshaona misiba ya majirani, na aliujua msiba wote, kuanzia turubai hadi sufuria. "Mtu anakufa halafu hakuna msiba?"

"Mtoto mdogo hawekewi. Na ukifika usimtaje. Shangazi ataumia."

"Hata jina lake?"

"Hata jina." Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe jina lile sikulijua. Sikuwahi kuliuliza.

Tulifika giza linaingia. Sesi alimpigia bibi yake magoti. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mke mwenzangu," akasema mama, "umekuja kuninyang'anya mume?" Wakataniana pale mlangoni, na kwa dakika moja nyumba ikawa ya kawaida. Kisha mama akaninyooshea kidole mlango wa chumba cha ndani.

Agripina alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa. Mumewe alikuwa amerudi kazini kwenye mashamba ya miwa. Likizo haitolewi kwa mtoto asiye na msiba. Nilimpa ile kanga. Akasema asante. Nikamwambia ajikaze, Mungu ndiye mpangaji, ni mdogo bado atapata mwingine. Niliyasema yote, moja baada ya jingine, na kila nililosema nililisikia likianguka chini. Alinisubiri nimalize. "Umechoka na safari, kaka," akasema. "Kapumzike."

Siku iliyofuata, mkesha wa sikukuu, mvua ilitulia asubuhi. Nilikwenda kigangoni kumsaidia katekista kujenga zizi la mianzi. Mzee alinieleza kwamba mwaka huu hakuna kichanga kingine kijijini, hivyo horini atalazwa mwanasesere wa Zuhura, binti wa jirani yetu. Zuhura ana miaka minane, baba yake ni muadhini wa msikiti wa pale chini, na katika igizo yeye ndiye malaika kwa sababu sauti yake inafika ng'ambo ya bonde. Alikuwa amekwisha kuwaonya wenzake: "Yesu ni wangu, nimewaazima tu. Mkimvunja mtanilipa."

Saa sita nilikuwa narudi nyumbani niliposikia kilio. Kilikuwa kilio chenyewe cha msibani, kile cha kupokezana. Nikaanza kukimbia, nikijua kichwani mwangu ni nani amekufa, nikimwomba Mungu nisikute nilichokuwa nakifikiria.

Kilitoka nyuma ya jiko. Watoto kama saba walikuwa wametandika mkeka. Wasichana wamejitanda kanga kichwani, wanalia kwa zamu. Akichoka mmoja anamgusa mwenzake, naye anaanza. Wavulana walikuwa kwenye gogo upande wao, wamekunja mikono, nyuso za wazee. Bakari, mdogo wake Zuhura, alikuwa anakoroga matope kwenye kopo na kumfokea kila aliyesogea: "Pilau bado!" Chini ya mgomba kulikuwa na kifusi kidogo, kibichi, kimechomekwa maua. Wakati watu wazima tukipanga zizi, wao walikuwa wamemzika mwanasesere. Baadaye Sesi aliniambia walimvika ile kofia, kwa ajili ya baridi.

Na katikati ya mkeka, ameegemea ukuta wa jiko, alikuwa Agripina. Kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa analia, na kilio chake hakikuwa cha mchezo. Zuhura alikuwa amemshika bega, anamwambia kwa sauti ya mama mtu mzima: "Jikaze mama. Ndiyo dunia. Sote njia moja."

Mama yangu alitokea mlangoni na mwiko. "Nani kawatuma? Nani anaita kifo nyumbani kwangu? Ondokeni!"

"Mama, waache," nikasema.

"Haya si mambo ya wanaume. Nyamaza."

"Mimi ni mjomba wake."

Nilishangaa kusikia nimelisema. Nikavua ndala, nikaingia mkekani nikae karibu na dada yangu. Bakari akanizuia na kijiti chake cha pilau. "Wanaume kule, mjomba." Nikaenda kuketi kwenye gogo. Mama akabaki amesimama, mwiko juu.

Bakari akaacha kopo lake, akasimama mbele ya watu, akashika jani la mgomba kama karatasi. "Sasa tunasoma wasifu wa marehemu," akatangaza. "Marehemu alizaliwa hapahapa. Alisoma shule..." Akakwama, akamwinamia Agripina. "Alisoma shule gani?"

"Hakusoma," akasema dada yangu.

"Hakusoma. Ameacha mjane?"

"Hakuoa."

"Hakuoa," Bakari akawatangazia watu kwa masikitiko makubwa. Mmoja wa wasichana akaangua kicheko ndani ya kanga. Na Agripina akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka na kamasi zinamtoka, akajifuta kwa kiganja.

"Alikuwa anapenda nini?"

Kicheko kikakatika. Watoto wakamsubiri, maana msibani watu husubiri.

"Alikuwa anapenda kulala na ngumi mdomoni," akasema. "Ukiitoa anairudisha. Na mvua. Ikipiga bati alikuwa anafungua macho, anasikiliza."

"Na jina lake?" akauliza Sesi, ambaye nilikuwa nimemkataza.

"Aloisi."

Mama aliushusha mwiko. Alitazama kile kifusi chini ya mgomba, akarudi jikoni. Moyo uliniuma kwa ajili yake pia. Nilikumbuka kwamba kabla yangu mimi kulikuwa na mtoto mwingine katika nyumba ile, ambaye sijawahi kusikia akitajwa kwa jina.

Jioni katekista alikuja kuulizia Yesu wake. Alipoonyeshwa kaburi alijikuna kichwa, akamwomba Zuhura kwa upole wafukue, wamwoshe.

"Akishazikwa hafukuliwi," akasema Zuhura. "Ni dhambi."

"Dhambi kwenu au kwetu?"

"Kote."

Mzee aliwaza, kisha akasema basi, hori litabaki na majani.

Krismasi yenyewe iliamka na mvua. Kigango kilijaa, hata jirani yetu muadhini alisimama nje dirishani kumtazama binti yake. Zuhura alipanda juu ya benchi na mabawa ya maboksi. "Msiogope!" akapaza. Kisha akasahau yaliyobaki. "Msiogope!" akarudia. Mara ya tatu akawatazama watu kwa hasira. "Jamani, si nimesema msiogope!" Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia.

Wachungaji wakaja horini. Bakari ndiye alikuwa kiongozi wao, na alipaswa kuinama, kuinuka na kutangaza, "Tumemwona mtoto." Akainama. Akayatazama yale majani. Akainuka, na kwa kuwa hakufundishwa kusema uongo kanisani, akasema, "Hayupo."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mvua juu ya bati. Agripina alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, amejitanda ile kanga mpya. Alikuwa amekuja peke yake tulipokwisha kuketi. Nilidhani atatoka. Hakutoka. Alikuwa ameinua uso kuelekea bati, anasikiliza, na katekista akaliacha neno la Bakari lilivyo, akaanzisha wimbo.

Sikupata furaha siku ile, na sitawadanganya kwamba niliipata. Pilau iliwiva, watoto walikula hadi wakalala walipokaa, na dada yangu alikula vijiko vinne ambavyo sote tulijifanya hatuvitazami. Miaka yote nimeisherehekea sikukuu hii kwa sababu ya mtoto aliyezaliwa pasipo nafasi. Lakini kwetu alipita mtoto, akaishi siku tisa, na sisi watu wazima hatukumpa hata nafasi ya kulala mdomoni mwetu kwa jina. Nafasi hiyo alipewa na watoto saba na kopo la matope. Nilikwenda kumtoa dada yangu ndani, na siye mimi niliyemtoa.

Kesho yake asubuhi tulifunga mizigo. Ukungu ulikuwa palepale. Sesi alikuwa anambishia bibi yake kuhusu nani mke mkubwa, nami nilikuwa nafunga viatu kizingitini. Agripina alikuwa uani, anachota maji kwenye pipa, mwembamba kuliko ndoo aliyoishika. Hakuwa amepona, na nilijua nitamwacha hivyo.

Mama alitoka jikoni na ndizi za kuchemsha za njiani, zimefungwa kwenye jani. Akasimama, akakohoa kidogo. Kisha akaita kuelekea uani, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia:

"Mama Aloisi! Njoo uwaage wageni."