Ushuhuda wa Mama Nice

Siku Unga wa Tulizo ulipoumbuliwa, Nice alikuwa amekaa kitandani kwake Engutoto akijibu wateja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na tusiicheke, maana ndiyo iliyomlipia kodi ya chumba wakati diploma yake imelala ndani ya begi. Hakuwa na duka wala bidhaa. Alikuwa na linki tu. Ukiibonyeza ukanunua, kampuni inamkatia kamisheni yake. Usiponunua, kashinda na simu bure.

Basi daktari mmoja kijana, mwenye ukurasa unaofuatwa na watu wengi, akatoa video. Unga huu unaotangazwa kwamba unashusha presha na kumwondolea mtu vidonge, alisema, ameupeleka maabara: ni mahindi ya kukaanga, mdalasini na majani ya mlonge. Kisha akaanza kuonyesha matangazo ya unga huo mojamoja, na katikati likatokea la Nice. Mama wa makamo, amejifunga kitenge kipya, amesimama mbele ya madhabahu akishukuru kwamba presha yake imetulia. Daktari hakumjua mama huyo. Alikuwa mama mzazi wa Nice.

Kwenye grupu la mawakala hakuna aliyeuliza kama kuna mtu ameumia. Waliulizana namna ya kufuta. Lilian aligeuza ukurasa wake ukawa wa mapishi. Joel akaapa kwamba daktari amehongwa na wenye maduka ya dawa. Prosper, aliyewafundisha wote na kupenda kuitwa Kocha, akatuma ujumbe wa sauti.

"Tulieni, wanangu. Futeni matangazo, fungeni komenti, msijibizane na mtu. Watu watasahau tu. Kuna mafuta ya magoti yanakuja, hayo ni moto."

Wakamjibu kwa vidole gumba, na Nice naye akaweka cha kwake. Alifuta tangazo. Lakini kilichomkaa rohoni hakikufutika kwa simu. Kilikuwa kijijini Kikatiti, kwenye kopo, jikoni kwa mama yake.

Mambo yalianzia sikukuu ya mavuno. Kwa Walutheri wa huko, mtu aliyetendewa jema huja mbele na sadaka yake ya shukrani, akaeleza anashukuru kwa lipi, na baada ya ibada sadaka ile hupigwa mnada nje ya kanisa. Mama Nice, Tabea kwa jina la ubatizo, alileta mkungu wa ndizi alioukata mwenyewe shambani. Akaeleza jinsi alivyokuwa akizimia kwa presha, akaanza vidonge vya kliniki, na sasa Mungu amemtuliza mpaka anapanda tena kwenye shamba lake la kahawa. Nice alirekodi, kama watoto wote wanavyowarekodi mama zao. Kesho yake akakata kwenye video maneno ya vile vidonge vya kliniki, akabandika kopo la Tulizo pembeni, akarusha.

Uliuza huo ushuhuda, tena kupita matangazo yote ya Kocha. Mtu wa huko anaweza kukudanganya sokoni, akakudanganya hata mbele ya hakimu, lakini mbele ya madhabahu na sadaka yake mkononi hathubutu. Nice alilijua hilo vizuri. Ndilo alilouza.

Video ikazunguka mpaka ikarudi Kikatiti, na mama akajiona kwenye simu ya jirani yake, Elihuruma. Akampigia bintiye.

"Nice, mimi nilitaja unga?"

"Hapana mama. Ni tangazo tu, huwa wanaongezea."

"Haya. Basi niletee huo unga."

Nice akafurahi, masikini, akadhani mama ameikubali kazi yake. Akampelekea makopo. Baadaye aliposikia mama haendi tena kliniki, moyo ulimlipuka, akautuliza kwa maneno ya Kocha mwenyewe: vitu vya asili havina madhara.

Sasa amejua kilichomo koponi, na simu moja tu ingetosha: mama, mwaga huo unga, rudi kwenye vidonge. Lakini mama angeuliza sababu, na Nice angelazimika kuitamka. Akasema atapiga kesho. Kesho ilipofika akasema afadhali aende mwenyewe Jumamosi, mambo kama haya hayasemwi kwenye simu. Jumamosi akaumwa kichwa. Ilikuwa aibu, si kichwa, na akaipa wiki nzima nyingine wakati presha ya mama yake inapanda.

Alipokwenda, alimkuta mama jikoni, kwenye kigoda, anajaribu kumenya ndizi. Kisu kilikuwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala mapajani, na ndizi ilimponyoka kila alipoishika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Maneno yalitoka mazito, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. "Nimelalia huu mkono vibaya."

Nice alipiga magoti pale pale kwenye maganda, akasema yote kwa pamoja: mahindi, daktari, jinsi alivyokata maneno yake. Alilia huku akisema. Mama alimsikiliza bila kushangaa.

"Elihuruma aliniuliza siku ile ile," mama alisema taratibu. "Mama Nice, ni kweli huu unga? Ningesema hapana, ningekuwa nimetangaza kwamba mwanangu amedanganya kwa madhabahu. Ningesema ndiyo, mwongo ni mimi. Nikaona niunywe. Nikishaunywa, si itakuwa kweli?"

"Na vidonge, mama?"

"Kwenye hiyo video sina vidonge. Wewe ndiye uliyevitoa."

Nice aliushika ule mkono uliolala mapajani.

"Na Elihuruma naye ameviacha," mama akaendelea, sasa kwa shida. "Kwa neno langu. Nisimamishe nikamwambie, kabla mdomo..."

Alinyanyuka nusu, mguu ukakataa, akaanguka juu ya mwanawe. Nice akapiga yowe. Elihuruma, mwanamke mzee mwembamba, akaja mbio kupitia migombani, akamsaidia kumlaza kwenye mkeka.

"Ni presha hii. Unga wake umeisha? Ngoja nikalete wangu, nimkorogee. Mimi umenisaidia sana."

Mama alimshika gauni kwa mkono uliobaki mzima. Akafungua mdomo, ikatoka sauti, neno halikutoka. Akajaribu tena, macho yamemtoka, akimtazama Elihuruma, kisha akamtazama Nice na kubaki hapo hapo.

Elihuruma aliinama karibu, asielewe. "Anasema nini mama yako?"

Nice alijua hasa anachosema.

"Anakushukuru," alisema, akatoka kwenda barabarani kutafuta gari.