Siagi ya Moshi

Nyumbani kwetu siagi ilinuswa kabla ya kuliwa. Mama aliipeleka puani, akafumba macho, akasubiri. Ikiwa na harufu ya moshi, hata ya kudhania tu, aliirudisha kwa aliyeileta na kusema asante, haitatufaa. Majirani walidhani anaringa. Mume yuko kizuizini, watoto hawana viatu, na bado anachagua siagi kama memsahibu!

Hakuwa akiringa. Ndugu yangu mdogo alikuwa anatutoka, na mama alikuwa anatafuta siagi ya kumrudisha.

Miaka hiyo ya hamsini tulikaa kati ya Ruiru na Thika, katika kijiji tulichohamishiwa na serikali wakati wa hali ya hatari. Nyumba zilibanana, mtaro ulituzunguka, na lango lilikuwa moja. Ndugu yangu alikuwa ameshaanza kusimama dede, kisha akaacha. Titi la mama lilikuwa limekauka, na tangu tumzike bibi yetu mtoto hakutaka chakula. Ukimpelekea kijiko alifunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Nywele zake zikawa na rangi ya vumbi, miguu ikabaki mifupa.

Muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimpima mtoto akasema polepole, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni.

"Mama, huyu anataka mafuta mazuri. Siagi. Kila siku, si leo tu. Ponda viazi, tia siagi, mpe kwa kijiko."

"Siagi gani?"

Muuguzi alicheka. "Ile nzuri."

Tukarudi nyumbani na jibu hilo. Ile nzuri ndiyo ipi?

Tulianza na ya mkebe, kutoka duka la Mhindi kule Thika. Ilikuwa ya njano, haina harufu yoyote, na mama akaipenda papo hapo. Mwenye duka alimwambia haiozi, ina nguvu, watoto wote wa mjini wanakula hiyo. Ndugu yangu aliigusa kwa ncha ya ulimi akaitema. Mimi niliipenda mno, mpaka kifuniko nikakilamba.

Halafu mpishi wa shamba la kahawa ambako mama alikuwa akichuma akamletea siagi ya maziwa hasa, imefungwa kwa karatasi, mabaki ya meza ya Mzungu. Ilikuwa na chumvi. "Hii ndiyo inafanya watoto wao wanakuwa na mashavu," mpishi alisema, akijisifu utadhani yeye ndiye ng'ombe. Ndugu yangu aliikataa vilevile. Mashavu yakabaki kwa wenyewe.

Ilikuwako siagi nyingine, na hiyo mama hakutaka hata itajwe. Siagi ya kibuyu. Iliyotulea sote.

Aliyeitengeneza alikuwa bibi, mama yake baba, ambaye kwetu ni cucu. Kwanza alisafisha kibuyu kwa moto: alitia ndani kijinga cha mutamaiyu, mzeituni wa porini, akasugua, moshi ukatokea mdomoni mwa kibuyu, akakung'uta majivu. Kisha akamimina maziwa yaliyoganda, akaketi miguu imenyooka na kukisukasuka kibuyu mapajani asubuhi nzima. Siagi yake ilikuwa na rangi ya kijivu kwa mbali na ladha ya moshi. Na cucu ndiye aliyetutafunia. Siku hizo kwetu mtoto hakulishwa kwa kijiko. Mkubwa alitafuna ndizi ya kuchoma pamoja na siagi hadi ikalainika, ndipo akamtilia mtoto mdomoni. Mama alishinda shambani, kwa hiyo mdomo uliotulisha ulikuwa wa cucu.

Siku ya kuhamishwa, askari walitupa muda mfupi wa kutoa vyombo, kisha wakawasha paa. Tulikuwa tumesimama uani na mafurushi yetu mama alipouliza, "Kibuyu kiko wapi?" Hakumtuma mtu. Aliuliza tu, kama mtu yeyote anayehama. Cucu aligeuka, akaingia. Alitoka amekikumbatia kifuani, shuka lake likifuka, akikohoa. Moto haukumgusa hata ukucha. Lakini kile kikohozi hakikumwacha tena. Kilikuwa kidogo, kikavu, mara mbili halafu kimya. Katika nyumba mpya aliendelea kumtafunia ndugu yangu, akikohoa kwanza, akimlisha, mpaka asubuhi moja hakuamka.

Ng'ombe wetu walikuwa wamechukuliwa, na kibuyu kikabaki kinaning'inia ukutani, kitupu. Mama alisema anakisikia. Haikuwa usiku, ambao kila mtu ana haki ya kuogopa. Ilikuwa mchana kweupe, saa ile ile ambayo cucu alikuwa akisuka maziwa. Mama aliacha kumenya viazi, akainua kichwa. "Unasikia?" Mimi nilikuwa mtoto mbishi, nikasema sisikii kitu. Siku moja nilikuwa peke yangu ndani na nikasikia: chubwi, chubwi, chubwi, polepole, kama mtu asiye na haraka. Nilitoka mbio na viazi mkononi. Huenda ulikuwa woga tu. Huenda. Jioni nilikuta mama amekifunika kwa gunia. Kukitupa hakuthubutu.

Basi akaja dada yake mama, tata yetu, aliyeolewa mashariki ya Thika ambako watu walikuwa bado na mifugo. Alikuwa amehangaikia pasi ya kusafiri mpaka akaipata, na chini ya nguo zake alikuwa na bakuli la siagi lililofunikwa kwa jani la mgomba. Mama aliinusa akageuka upande. Lakini safari hii hakuirudisha. Mtoto alikuwa amelala mkekani na hata kulia alikuwa ameacha.

Alichota nusu akajaribu kuitoa moshi. Aliiosha kwa maji baridi, akaiosha tena, akaichemsha na kitunguu, akaichuja kwa kitambaa. Alichopata kilikuwa kitu cheupe kisicho na ladha. Akakichanganya na viazi, akakipeleka kwa kijiko. Ndugu yangu akageukia ukuta.

"Haiya!" tata alisema. "Hiyo umeosha mpaka imekuwa nini sasa? Na hii kijiko ni ya nini? Mtafunie mtoto."

"Siwezi."

"Huwezi aje? Si wewe ndio mama yake?"

"Nikiweka hiyo moshi kwa mdomo, namuona akiingia kwa nyumba," mama alisema. "Ni mimi niliuliza. Ningenyamaza, angekuwa hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

Tata aliikunja na kuikunja ile pasi yake. Kisha akasema, bila ukali, "Alirudi kuchukua nini, dada? Si kibuyu? Na alikuwa anataka kusukia nani maziwa, yeye mwenyewe na meno ile ilibaki? Alitoa hiyo kitu kwa moto juu ya huyu mtoto. Sasa wewe unaifunika gunia."

Mama alichoma ndizi jikoni, akaimenya ikiwa bado ya moto, akachota siagi ya moshi ile iliyosalia na kuviweka vyote mdomoni. Alitafuna macho yakimtoka machozi, moshi ukampanda puani, na akakohoa.

Mara mbili, kavu. Kisha kimya.

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akikohoa hivyo. Kilikuwa kikohozi cha cucu.

Ndugu yangu aligeuka kutoka ukutani. Hakumtazama mama. Alitazama mlangoni, akatazama lile gunia, akitafuta. Halafu akafungua mdomo.

Tangu hapo alilishwa hivyo kila siku. Mwanzoni ni moshi uliomkohoza mama, baadaye akawa anakohoa kwa kusudi, maana bila kile kikohozi mdomo haukufunguka. Tata alituletea siagi kila alipopewa pasi. Gunia liliondolewa kibuyuni. Miguu ikarudisha nyama, na mtoto akasimama tena.

Leo ndugu yangu ni mzee mwenye kitambi, anapaka mkate siagi ya mkebe na hakumbuki chochote. Wajukuu wakiniuliza siagi gani ni bora kwa afya, nawajibu kama yule muuguzi: ile nzuri. Wanadhani natania.

Mama aliishi hadi akazeeka sana, na siagi yake ilikuwa ile ya moshi, kila siku, na kiazi kimoja. Hakuwa tena na mtoto wa kumtafunia. Lakini kabla ya tonge la kwanza nilimsikia kutoka nje, mara mbili, kavu, halafu kimya. Nami nilikuwa nikisimama pale mlangoni na chai yake mkononi nikingoja amalize, kwa sababu niliogopa kuingia nikawakuta wako wawili.