Mgongo wa Mdogo Wangu, Ukurasa wa Tatu

Mume wangu ni mtunza picha wa gazeti, na kazini kila mtu anamwita Maktaba. Jina hilo limetokana na yale maneno madogo wanayoyaweka chini ya picha pale gazeti linapokosa picha ya tukio lenyewe: Picha ya Maktaba. Gari la ofisi likikosa mafuta, au mvua ikiwazuia wapiga picha, mhariri anasimama mlangoni mwa chumba cha mume wangu kisicho na dirisha na kusema, "Maktaba, nipe foleni." Anampa foleni. "Nipe mgonjwa." Anampa mgonjwa. Hajawahi kukosa, maana hatupi picha hata moja, na kwa hilo anajivuna kupita kiasi.

Nyumbani ni mtu mpole asiye na maneno mengi. Hata sokoni, kabla ya kuuliza bei ya nyanya, anaangalia kwanza mwanga unatokea upande gani. Kamera ndogo haimtoki mfukoni, na sisi familia anatupiga kila wakati, ila kwa nyuma. Watoto wakienda shule, kwa nyuma. Mama yangu akijilaza kwenye kochi, kwa nyuma. Mimi nikiosha vyombo, mikono tu. Miaka yote hiyo nilidhani ni mapenzi. Saluni nilikuwa nawatambia wenzangu kwamba mume wangu ananipenda mpaka mgongo.

Gazeti lenyewe nilikuwa silisomi. Analileta likiwa la jana, na mimi nalitandika chini ya jiko. Habari nazisikia redioni kama watu wengine.

Basi Jumatatu moja asubuhi akaja mdogo wangu, ambaye ni mlinzi wa ghala la vifaa vya ujenzi. Alikuja saa za kazi, tena bila koti lake la kazi.

"Dada, nimesimamishwa," akasema.

"Umefanya nini?"

"Nimetoka gazetini."

Akanipa gazeti. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa kikubwa: WALINZI WANAOWAFUNGULIA WEZI MILANGO. Chini yake palikuwa na mgongo wa mwanamume aliyesimama mbele ya geti, amevaa koti la ulinzi, na katikati ya koti kuna kiraka cha maua ya njano. Nikainua macho nikatazama pazia la sebule yangu. Maua ya njano. Kiraka kile nilikishona mwenyewe kwa kipande kilichobaki, na duniani hakuna koti jingine lenye kiraka kama hicho.

Nilikaa chini.

"Meneja anasema gazeti linisafishe kabla ya Ijumaa, la sivyo anaajiri mwingine," mdogo wangu akaendelea. "Nikamwonyesha hapo chini wameandika Picha ya Maktaba. Akaniuliza, kwani wewe ni kitabu?"

Nikafunua ukurasa unaofuata nitafute namba ya simu ya gazeti, nikakutana na mikono yangu. Inasugua sufuria. Juu yake wameandika: MFANYAKAZI WA NDANI ATUHUMIWA KUIBA VIDANI. Pete ni yangu, na kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono ni langu. Nilipigwa na butwaa hata mdogo wangu akaenda kuniletea maji, yeye aliyekuja kwangu na msiba wake.

Namba ya simu sikuitafuta tena. Tulikwenda wenyewe.

Sikuwahi kuingia chumba cha habari. Nilidhani ni mahali pa watu makini wenye tai. Nikakuta simu zinalia hazipokelewi, vikombe vya chai vimeota ukungu juu ya kompyuta, na kijana mmoja anauliza kwenye simu, kwa upole kabisa, kama ajali ilikuwa kubwa kiasi cha kufaa ukurasa wa mbele. Mume wangu alitoka kwenye chumba chake na bahasha mkononi, akatuona, na papo hapo akajua. Hata salamu hakutoa.

Mhariri ni mama mfupi mwenye miwani kichwani, na tulipofika alikuwa akiitafuta miwani hiyohiyo. Koti la mdogo wangu lilikuwa limebaki ghalani kwa meneja. Yeye akageuka tu, akampa mhariri mgongo, nami nikaushika ukurasa wa tatu kando ya mabega yake. Mabega yale mapana, moja limeshuka kidogo, yalikuwa yaleyale.

"Maktaba," mhariri akasema taratibu, "huyu ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Umemweka shemeji yako kwenye habari ya wezi?"

"Watu wa nje wangetushtaki, Mhariri. Ndugu hawashtaki."

Mhariri akaipata miwani, akaivaa, akamtazama upya. "Na yule mgonjwa wa wiki iliyopita?"

"Mama mkwe. Alikuwa amejipumzisha tu."

"Mwanafunzi aliyefeli mtihani?"

"Binti yangu mkubwa."

"Alifeli?"

"Alikuwa wa pili darasani."

"Yale maandamano?"

"Harusi ya binamu yangu. Watu walikuwa wanaelekea kwenye chakula."

Mhariri akakaa mezani, juu ya mkate wa mtu. Yule kijana wa ajali akakata simu.

"Baba watoto," nikamwambia, "mimi ni mwizi wa vidani?"

"Mikono yako inapokea mwanga vizuri, mama watoto," akanijibu, na ninaapa alikuwa anamaanisha. Sikujua nicheke au nimrushie kikombe chenye ukungu.

Mhariri akasema wataomba radhi kwa mistari miwili, ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya chemsha bongo. Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Meneja hafiki huko, mama. Yeye anaishia kwenye michezo." Akasema kwa sauti ya mtu aliyeshaanza kukata tamaa, na hapo nikaona mume wangu anaiweka bahasha chini.

"Iandikwe ukurasa uleule wa tatu," akasema. "Andika ni mimi niliyemweka, ni shemeji yangu, na hana kosa lolote. Na uweke picha yangu. Ya uso."

Alijua fika anaweza kutoka pale bila kazi. Nilikuwa na hasira naye ya kupasuka, na wakati huohuo nilimpenda, jambo lililoniongezea hasira.

Picha yenyewe ilikuwa kazi. Kila mpiga picha alipoinua kamera, shingo ya mume wangu iligeuka yenyewe akampa kisogo. Mwishowe nikamkamata kidevu. "Tazama mbele kama mtu," nikamwambia huku nimeuma meno, na kamera ikalia.

Kesho yake uso ule ukatoka ukurasa wa tatu, macho yamemtoka, mkono wangu umekatwa nje ya picha. Meneja wa ghala aliisoma radhi yote akiwa amesimama getini, akaisoma tena, kisha akaenda kuleta koti. Alimwambia mdogo wangu aondoe tu hicho kiraka. Mdogo wangu akalivaa palepale, kiraka na vyote, akafungua geti. Mtu mzima yule, nami niliyemsindikiza nilimwona akifuta macho.

Mume wangu hakufukuzwa, kwa kuwa jioni ileile mhariri alihitaji picha ya mafuriko. Alikatazwa tu kupiga ndugu, kisha akapewa likizo akatulie. Akakaa nyumbani akitutazama kwa mbele, akashangaa jinsi watoto walivyokua.

Likizo ilikuwa haijaisha nilipokwenda saluni. Msusi alikuwa amenifunga taulo mabegani, anacheka peke yake na gazeti la siku hiyo. "Hebu ona haya mambo," akasema, akanipa.

WANAUME WANAOPIGWA NA WAKE ZAO WAVUNJA UKIMYA. Picha imechukua nusu ukurasa. Mume wangu ametoa macho, na mkono wa mwanamke umembana kidevu: pete ileile, kovu lilelile la pasi. Chini, kwa herufi ndogo, Picha ya Maktaba.

Saluni nzima ikaitazama picha, kisha ikautazama mkono ulioshika gazeti. Niliuingiza chini ya taulo, lakini msusi alikuwa ameshaacha kucheka.