Sare ya Kuogea

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake warefu na wafupi, wembamba na wanene, wala hakukosea hata mmoja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Namshukuru Mola kwa umri alionipa na kwa kunibakishia kumbukumbu zangu, hata zile ambazo kwa miaka mingi sikupenda kuziangalia.

Mpaka leo nikipita mbele ya duka la vitambaa, ile harufu ya wanga wa nguo mpya hunirudisha mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikaa Kibokoni kwa shangazi yangu, aliyenichukua mama alipofariki. Nyumba ilikuwa kimya. Shangazi alikuwa mtu wa dini na wa maneno machache. Alinilisha, alinivisha, alinisomesha Kurani, lakini hakuwa na mazoea ya kumwambia mtoto kwamba amependeza. Nami nilikuwa mnene. Mwili wangu ulikua kabla ya wa wenzangu, na nikazoea kutembea nimekumbatia juzuu kifuani hata siku ambazo hatukuwa na chuo. Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Zuhura wa nyumba ya jirani, mwembamba, mcheshi, asiyejua kuona haya. Mwaka ule baba yake alikuwa amepata kazi Maskati, na ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba wote watahama baada ya Idi.

Kwetu, siku za mwisho za Shaabani, kina mama hupika vyakula vizito vizito, wakawachukua watoto wao wa kike na kwenda pwani kula, kuimba na kuoga baharini kabla ya mwezi wa kufunga kuingia. Tunaita kuvunja jungu. Miaka yote nilikuwa nikiishia kwenye maji ya vifundo vya miguu. "Mwaka huu waingia," Zuhura aliniambia. "Nitakushika mimi mwenyewe mpaka uelee. Nikishafika Maskati nitamshika nani?" Nikamwahidi. Nilikuwa nikiifikiria siku hiyo kuliko nilivyoifikiria Idi.

Mama yake Zuhura, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya mwisho nasi, akasema wasichana wote wa mtaa watavaa sare ya kuogea, magauni marefu na suruali zake, na kitambaa atanunua yeye. Tukaenda dukani kundi zima. Alichagua poplini ya samawati yenye vidoa vyeupe, jora la mwisho lililokuwa rafuni. Muuzaji, mzee wa Kihindi, alipoinua mkasi alinitazama akasema, "Mama, huyu hapa mkubwa. Mkatie zaidi." Wenzangu wote waligeuka. "Aa, sare ni sare," akajibu mama Zuhura. "Kila mtu sawasawa, nisije nikasikia fulani kapendelewa." Aliyasema kwa wema kabisa, alitaka haki. Mkasi ukapita, na mimi nikapokea pande langu sawa na la Zuhura, ambaye ungeweza kumfunika kwa nusu yake.

Shangazi alilitandaza sakafuni karibu na cherehani, akalitazama, akanitazama. "Halitoshi," akasema. Alirudi dukani jioni ile ile akakuta jora limekwisha. Basi akachukua gauni lake la zamani la kijani, akalifumua, akatia vipande viwili ubavuni, kila upande kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Alishona taratibu, akipitisha uzi mara mbili mbili ili maji yasifumue kitu. Nilipoivaa sare yangu aliniuliza, "Yabana?" Nikasema haibani. "Basi alhamdulillahi," akasema, akafunika cherehani. Sikuweza kulia mbele ya kazi ile.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali na maji yalikuwa yamejaa. Kina mama walishika leso kama pazia, tukavua mabuibui nyuma yake. Nilipotokea, msichana mmoja jina lake Rukia akapiga ukelele: "Shehena imeingia! Makuli wako wapi?" Mwingine akadakia, "Tena na bendera yake, tazameni!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Rukia, ulimi huo utakuja kukuozea," Zuhura akamwambia, akanishika mkono anivute. Mkono wangu ukachomoka mkononi mwake. Nikarudi nyuma ya leso nikavaa buibui juu ya sare, nikaketi kando ya masufuria ya pilau.

"Njoo bwana!" Zuhura aliita, maji yakimfika magotini. "Kwani wangoja nini?"

"Tumbo laniuma."

"Tumbo gani? Asubuhi umekula mahamri yangu na yako!"

"Mwache," mama yake akamwambia. "Huenda ana udhuru wake."

Zuhura aligeuka kunitazama mara kadhaa. Kisha mchezo ukamchukua, akaacha. Mimi nilikaa pale mpaka jasho likalowesha ile poplini ambayo bahari haikuigusa. Hakuna aliyenifukuza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nafasi yangu majini ilikuwapo, na nilikuwa naitazama.

Ramadhani ile tulikaa pamoja barazani kama kawaida, lakini kuna kitu kilikuwa kimelegea. Siku ya kuagana alinikumbatia akaninong'oneza, "Hata ile siku moja hukunipa." Sijamwona tena. Mara moja moja zilinifikia salamu zake, kisha na hizo zikakoma.

Mungu alinipa mume mwema, watoto, na sasa wajukuu. Mmoja wao, Nawal, anakaa Ganjoni na wazazi wake. Miezi michache iliyopita shule yao ilianza masomo ya kuogelea, wasichana peke yao na mwalimu wa kike, naye kila wiki akawa anaumwa na kitu. Mama yake alikasirika. Mimi nilimwomba Nawal anisindikize sokoni, nikampeleka kwenye duka linalouza mavazi ya kuogelea yenye stara, suruali, kanzu fupi na kofia. Muuzaji, binti wa Ukambani aitwaye Mueni, alimuuliza saizi. "Nipe kubwa kuliko zote," Nawal akasema, macho chini. "Isinishike popote."

"Ikijaa maji itakuzamisha, mrembo," Mueni akasema. "Hizi zinavutika. Zinamfuata mtu alivyo." Kisha akanigeukia akicheka. "Na wewe nyanya, nikutolee yako?"

"Nitolee," nikasema. "Na utafute vizuri, maana mimi ni mkubwa." Nilijisikia nikilitamka mbele ya wateja. Nawal aliinua macho akanitazama kama mtu asiyenijua, halafu akacheka, akachukua ile iliyomtosha.

Tulienda pamoja kwenye bwawa, saa za kina mama. Niliteremka ngazi polepole, nikishika chuma kwa mikono yote miwili, nikisoma bismillahi kila kidato, mpaka maji yakanifika shingoni. Nawal alikuwa tayari ng'ambo ya pili na wasichana wa rika lake, wala hakuangalia nyuma. Palikuwa na wanawake wa kila umbo, na sikuona hata mmoja aliyenitazama. Nilipowatazama wao nikaona vichwa tu juu ya maji. Hukuweza kujua nani mnene na nani mwembamba, wala nani kavaa rangi gani. Nilisimama pale, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikaelewa kwamba kutoka mchangani mpaka mahali ambapo sare yangu isingeonekana tena palikuwa na hatua chache tu, na mwenye kunishika mkono alikuwa akiningojea. Siku hizi kuna nguo za kila saizi na binti wa kukwambia zinamfuata mtu alivyo. Zamani kulikuwa na Zuhura. Nimeyapata maji, nashukuru. Yeye sina wa kumuuliza aliko.

Ewe msomaji, Mola akuridhishe na mwili aliokukabidhi, akupe wa kukuita kwa jina lako, na akuwezeshe kuitika angali anaita. Amin.