Kiti cha Kinyozi Tihomir

Desanka alikuwa mshonaji wa mavazi ya tamthilia hapa Belgrade hadi alipostaafu. Tangu hapo, kila Jumamosi huvaa koti lake la kijivu akaenda kuzungukia vijumba vya makumbusho ambavyo hata wenyeji hawavijui: cha mizani kule chini ya duka la viatu, cha pasi za mkaa sebuleni kwa mjane mmoja, cha wanasesere waliovunjika. Makumbusho makubwa hayapendi. Anasema huko hakuna mtu wa kupiga naye soga.

Mdogo wake, Tihomir, alikuwa kinyozi mtaani kwetu Čubura. Kiharusi kilimwangusha dukani, wembe mkononi, na madaktari wakamwambia Desanka ajiandae. Bwana Milisav, aliyempangisha duka hilo, akataka chumba chake. Desanka alihamisha vioo, mikasi na taulo, ila kile kiti kizito cha chuma na ngozi nyekundu hakikupita mlangoni kwake. Akapiga simu Zemun, ng'ambo ya mto, kwenye makumbusho ya vinyozi.

"Mwenyewe ameridhia?" aliulizwa.

"Ameshafariki," alijibu.

Lilimtoka upesi kuliko alivyotarajia. Wakaja na gari, wakampa pole, naye akalia machozi ya kweli.

Kabla baridi haijaisha, Tihomir alifumbua macho akaomba jamu ya plamu. Alirudi nyumbani kwa mkongojo, mdomo umepinda kidogo, akauliza swali moja tu.

"Dada, kiti changu kiko wapi?"

"Milisav amekiuza kwa watu wa vyuma chakavu."

Tangu siku hiyo Tihomir hakujibu tena salamu ya Milisav. Sokoni alimgeuzia mgongo mbele za watu, na yule mzee akabaki na kofia mkononi, hajui amekosa nini. Desanka aliyaona hayo, akajifanya anachagua pilipili.

Kwa upweke, Tihomir akaanza kufuatana na dada yake Jumamosi. Walikwenda kote, isipokuwa Zemun.

"Huko wanakarabati," alisema Desanka. Mara nyingine akasema mtunzaji anaumwa.

Lakini mteja mmoja wa zamani akampasulia Tihomir: "We kinyozi mzima, makumbusho ya vinyozi hujayaona? Nenda, yako wazi kila siku!"

Jumamosi iliyofuata wakapanda basi la Zemun. Ndani ya basi Desanka alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mtunzaji, kijana mchangamfu aitwaye Vukota, aliwapitisha kwenye nyembe na sabuni, kisha akasimama mbele ya kiti chekundu.

"Hiki ni cha marehemu Tihomir wa Čubura. Kinyozi hodari, Mungu amrehemu." Ndipo akamtambua Desanka. "Mama! Ndiwe uliyetuletea! Pole tena kwa msiba."

Tihomir alimtazama dada yake. Kisha akainua kamba iliyozungushiwa kiti, akakaa.

"Kijana," alisema, "marehemu ni mimi. Nipe maji ya kunywa."

Vukota alipauka. Akaomba radhi, akasema watakirudisha kesho yake.

"Kiache. Nyumbani tutakiweka wapi, juu ya jiko?"

Waliposhuka kwenye basi, Tihomir alisema:

"Kiti si neno, dada. Ila mimi nilikuwa napumua."

"Nilidhani huamki tena."

"Najua ulichodhani. Na Milisav je? Mzee wa watu!"

Desanka alikwenda kwa Milisav jioni ileile, peke yake, akaungama mlangoni kabla ya kukaribishwa. Milisav alicheka hadi akakohoa, akamwekea kahawa. "Nami nilidhani ananinunia kwa ajili ya kodi!" Desanka aliona afadhali mzee yule angemtukana.

Sasa Tihomir na Milisav wamepatana, na kisa chenyewe kimekuwa mzaha wa mtaa. Tihomir akiingia mahali hubisha hodi: "Fungueni, marehemu nimekuja!" Watu hucheka wakammiminia pombe kali ya raki. Amemsamehe dada yake, amemwambia hivyo mara nyingi, na Jumamosi bado wanatoka pamoja.

Ila kila mzaha huo unapoanza, Desanka huinuka kwenda jikoni, akaosha vikombe ambavyo ni safi.