Mita Thelathini na Moja

Nimechimba visima miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo kisima kimoja tu kimetoka chumvi mikononi mwangu. Kipo Mbweni, nyumbani kwa Bwana Anwar. Ndicho kilichonitoa kwenye mtambo wa kuchimbia kikanikalisha getini pa ofisi, nafungua na kufunga kama mtu asiye na ujuzi mwingine.

Kwa asiyejua kazi hii, huku kwetu pwani maji hayako mbali, ila chini ya maji baridi kuna maji chumvi. Ukizidisha mita chache umeingia kwenye chumvi na kisima kimeharibika. Zamani tulikuwa tunaonja kila bomba, chumvi ikigusa tu tunaziba pale chini kwa saruji, lakini siku hizi mtambo unashuka na tope, huonji kitu mpaka umalize. Unategemea namba: kwa jirani chumvi ilianza mita ya ngapi, ili wewe usimame kabla.

Marehemu Muhdhar, tajiri wangu, alikuwa anaandika namba hizo kwenye madaftari makubwa. Kila kisima kilikuwa na mstari wake: mtaa, mwenye nyumba, maji yalipoanza, chumvi ilipoanza. Alipofariki mwaka juzi aliacha madaftari kumi na moja na visima mia nne na kumi na viwili.

Binti yake Hayat akashika ofisi pale Tabata. Ni binti mchapakazi, hilo simnyimi. Huniita ami, kama ndugu wa baba yake, na hajawahi kunipita asubuhi bila shikamoo. Miezi minane alikaa na yale madaftari akiyaingiza kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Alipomaliza aliniambia niyapeleke kwa Bi Zubeda, muuza karanga wa kituoni, maana karatasi zilikuwa zinajaza kabati bure. Niliyabeba mwenyewe. Kwa miezi kadhaa watu wa Tabata walikula karanga zilizofungwa kwenye kurasa za visima vya Wazo, na mimi nilikuwa mmoja wa walaji.

Ndipo ikaja kazi ya Bwana Anwar. Hayat alinipigia simu nikiwa nimeshasimamisha mtambo. "Ami, kwa jirani yake chumvi imeanza arobaini na nne. Shuka thelathini na tisa, usizidishe." Bomba letu moja ni mita tatu. Nilishusha mabomba kumi na matatu, nikahesabu kwa sauti, nikasimama. Maji yalipotoka, Bwana Anwar aliyaonja mbele yangu akayatema. Tulijaribu kuziba chini kwa saruji, haikusaidia.

Hayat alifika mchana. Mbele ya vijana wote wa mtambo akaniuliza, "Ami, una hakika ulihesabu mabomba vizuri?"

Nilisema ninayo. Hakubisha, lakini wiki iliyofuata nilihamishiwa getini, eti kwa heshima ya umri wangu. Vijana wakaanza kuniuliza saa kila nikipita, halafu wanasema, "Mzee Mwinshehe hesabu zimemkimbia." Iliniuma. Usiku na mchana iliniuma, na sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Miezi minne baadaye umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ya ofisini ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Hayat hakuogopa mwanzoni, kwa sababu alikuwa na diski nyingine ya nje ya kuhifadhi nakala kila Ijumaa. Tatizo ni kwamba ile diski haikuwahi kuchomolewa. Zote mbili zilikuwa zimekufa.

Tulizipeleka kwa Gaudens, fundi wa kompyuta mtaa wa pili. Mimi nilikwenda kwa sababu ya kubeba. Gaudens alizigeuza mkononi, akauliza, "Nakala ya tatu iko wapi?"

"Ya tatu?" Hayat akasema.

"Dada, ufunguo wa akiba ukiutundika kwenye kufuli lilelile, mwizi atakushukuru. Nakala moja lazima ikae mbali, nyumba nyingine kabisa." Alisema diski moja huenda ikafufuka, maana kilichoungua ni kibao chake cha umeme tu, ila atafute kibao kingine cha aina ileile. "Wiki mbili, tatu. Siahidi."

Nilifurahi. Nalisema hilo kwa kuwa nimeshatubu. Nilikaa getini nikajiambia, na wewe leo uone inavyokuwa.

Kesho yake nilimkuta ofisini na chai iliyopoa mbele yake. "Kazi ya baba maisha yake yote, ami," alisema. "Mie nimeimaliza kwa miaka miwili." Kazi tatu zilikuwa zinasubiri namba na hakuwa nazo. Alikuwa analia bila sauti, na pua ile ni ya Muhdhar mwenyewe. Roho ikanisuta.

"Namba zipo," nikamwambia. "Baba yako aliziandika kwenye vifuniko."

Hakujua. Alikuwa shule wakati ule. Kila kisima tulikifunika kwa zege, na kabla zege halijakauka Muhdhar alichuchumaa na msumari akaandika tarehe na namba mbili: M ya maji, CH ya chumvi. Alikuwa anasema madaftari yataliwa na mchwa. Karanga hakuzifikiria.

Siku tisa tulizunguka na gari la ofisi, yeye anaendesha na kuandika, mimi naonyesha njia. Nyumba nilizikumbuka zote, hata zile zilizobadilishwa rangi na geti. Nilisugua vifuniko kwa brashi ya chuma mpaka vidole vikachubuka. Vingine vilikuwa vimewekwa vigae juu, vingine vimevunjwa, na kule Wazo mama mmoja alikuwa amejenga banda la kuku juu ya kifuniko na hakutaka kabisa kuku wasumbuliwe. Tulipata mia mbili themanini na saba.

Siku ya saba tulikuwa Mbweni, kwa jirani wa Bwana Anwar. Nikasugua. M 12. CH 31.

Nilirudia kusugua. Bado ilikuwa 31.

"Hayat," nikasema, "uliniambia arobaini na nne."

"Hapana, ami. Nilikusomea kilichoandikwa kwenye kompyuta. Labda simu ilikuwa na kelele."

"Nilisikia arobaini na nne. Kwenye kompyuta kuliandikwa nini?"

Akaandika 31 kwenye karatasi yake. Jibu lilikuwa ndani ya diski iliyokufa, juu ya meza ya Gaudens. Tangu siku ile mimi niliyefurahia kifo cha diski ile ndiye niliyekuwa nampigia fundi simu kila asubuhi.

"Mzee, diski sio chapati," aliniambia. "Haigeuzwigeuzwi."

Wiki ya tatu alinijibu kwamba imefunguka, na Hayat ameshaichukua asubuhi hiyo. Nilikaa getini nikimsubiri. Saa nne hakuja, saa sita hakuja. Nikaanza kufikiri mabaya. Faili liko mikononi mwake peke yake. Akirekebisha mstari mmoja tu, nani atajua? Mimi hata kuwasha ile mashine siwezi. Nilirudi nyumbani nimeshakata tamaa.

Alasiri akabisha hodi, na laptopu kwapani. Alikaa kwenye mkeka, akaifungua, akaigeuza upande wangu, akaweka kidole kwenye kioo.

"Soma, ami."

Jina la jirani. Maji 12. Chumvi 44.

Alinieleza polepole. Alipokuwa anaingiza safu ya chumvi aliruka nyumba moja, na kuanzia hapo kwenda chini kila nyumba ilibeba chumvi ya nyumba inayofuata. Visima mia mbili na sita. "Kila Ijumaa nilikuwa nafanya nakala," alisema. "Kila Ijumaa nahifadhi kosa lilelile. Wewe ulihesabu sawasawa. Ni mie."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyaandaa miezi yote ile. Halikuja hata moja. Nilimwambia tu, "Uliniuliza mbele za watu."

"Najua. Na nitasema mbele za watu."

Kesho yake alisema, mbele ya vijana wote, bila kupindisha. Kisha akaenda kwa Bwana Anwar, nami niko pembeni, akasema tena. Jumatatu nilirudi kwenye mtambo. Faili sasa limesahihishwa kwa namba za vifuniko: mmoja anasoma, mwingine anahakiki, na kila kisima kipya kinaandikwa kwa msumari kama zamani.

Faili la zamani, lenye ile 44, alitaka kulifuta lisije likachanganya watu. Nikamkatalia. "Niwekee kwenye flashi."

"Ami, wewe huna kompyuta."

"Sina. Niwekee. Na nyingine tena, ziwe mbili."

Moja ninayo kwenye kopo la bati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Ya pili iko Temeke, kwa dada yangu Mwamvita. Gaudens alisema moja ikae mbali.